Risasi Tatu za Mtani

Siku ile pale karakana, mjini Tabora, tulikuwa watano. Nilikuwapo mimi, Veronika Kabula, niliyekuwa na miaka kumi na saba. Mdogo wangu Milembe, aliyekaa kizingitini akichambua choroko. Bi Zuena, mke wa fundi, aliyekuwa nyuma ya pazia akikaanga vitunguu lakini akisikia kila neno. Mzee Kapembe, pagazi wa zamani, juu ya benchi lake la kila siku. Na Chilongani, Mgogo wa Tura, aliyekuja kuchukua risasi zake ishirini. Mwenye karakana, Fundi Salehe, hakuwapo. Nimemtaja mwisho kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikianza na yeye, kana kwamba kutokuwapo kwake ndiko kulikofanya kazi ile na si mikono yangu. Katika hao wote tumebaki mimi na Milembe, na Milembe anasema hakumbuki kitu ila harufu ya vitunguu.

Chilongani tulimzika mwezi uliopita. Nilikwenda Tura kwa garimoshi, mzee mzima, na mkoba wangu magotini, na nilichokwenda kukifanya huko hakikutimia. Tangu nirudi ninaandika. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo anayesoma asitafute maneno makubwa humu. Habari za wazazi wetu nazo ziko mahali pengine. Hapa yatosha kusema kwamba tulibaki watatu, mimi, Yohana na Milembe, na kwamba ulikuwa mwaka wa pili tangu vita ya Hitla iishe. Yohana alikuwa anasoma kwa mapadri. Mimi nilikuwa nimechukuliwa na Bi Zuena kufua na kuteka maji, na malipo yangu ya kwanza yalikuwa chumba cha stoo nyuma ya karakana, ambamo tulilala sote watatu juu ya mkeka mmoja, vichwa vyetu karibu na ukuta uliotutenga na makopo ya baruti.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazama njia ya sokoni. Ukutani ilining'inia leseni ya Fundi ndani ya fremu ya kioo. Leseni ilisema anaruhusiwa kutengeneza bunduki; juu ya kujaza risasi haikusema neno, na Fundi hakupenda kwenda kuuliza. Tangu vita ianze risasi za zile bunduki kuukuu za wananchi zilikuwa hazifiki madukani. Watu waliokuwa na shamba la mtama karibu na pori walibaki na bunduki kama fimbo. Fundi akaona njia. Jeshi lilipouza mabaki yake kwa mnada, alinunua masanduku ya risasi zilizokataliwa, nyingine zikiwa zimelowa, nyingine zimeota kutu ya kijani shingoni, na kazi yake ikawa kuzivunja, kuchukua baruti iliyomo, na kuitia katika maganda makubwa ya shaba ya zile bunduki za zamani. Vichwa tulivimwaga wenyewe kwa kalibu. Siku moja aliniona ninavyotia uzi kwenye sindano ya Bi Zuena, akasema, "Mkono wa huyu hautetemeki." Kuanzia hapo ufuaji ukawa kazi ya asubuhi, na mchana nikawa mtu wa karakana.

Nilipenda kazi ile, na sioni sababu ya kuficha. Tuliyeyusha mabomba ya zamani na mabamba ya betri za malori ndani ya sufuria nzito juu ya mkaa, tukaengua takataka zikielea kama utando wa maziwa, tukamwaga. Kichwa cha risasi kikitoka kwenye kalibu kinang'aa kama jino jipya. Ukikishika mapema kinakuunguza. Ukikichelewesha kinashika ukungu wa kijivu. Baadaye tulivipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, ili visiache madini ya risasi ndani ya mtutu, na siku za nta karakana yote ilinukia asali, hata wapita njia waliingiza vichwa kuuliza bei. Baruti ndiyo sikuipenda. Ilikuwa vipande vidogo kama tambi zilizokatwakatwa, rangi ya kijivu, na baada ya kuishika saa nzima kichwa kiliniuma mpaka nyuma ya macho. Fundi aliipima kwa kijiko alichokitengeneza mwenyewe, ganda la bastola lililokatwa na kuunganishwa na mshikio wa waya. Tulikiita kibaba, ingawa hakikuchukua hata choroko kumi. Kibaba kimoja kwa kila ganda, basi. Ganda lilibaki tupu zaidi ya nusu. Juu yake tulisokomeza kitonge cha sufi ili baruti ikae mahali pake, ndipo kichwa kikafuata.

Hakunieleza kamwe kwa nini kibaba kimoja. Mafundi wa siku zile hawakueleza, walikataza. Na Fundi Salehe alikuwa mtu wa kibaba kimoja katika kila kitu: sukari kwenye chai, mafuta ya taa kwenye kandili, maneno kwa mkewe. Bi Zuena alikuwa akisema kwamba mumewe akifika peponi atauliza kwanza bei ya mito. Kwa hiyo mimi, niliyelelewa na watu waliojua baruti nyeusi ya magobore, ile inayomiminwa kwa kiganja na kushindiliwa, niliamini kwamba kanuni ya kibaba ni ubahili tu uliovaa kanzu ya ufundi. Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilikuwa kichwani mwangu miezi mingi kabla halijafika mikononi.

Mchana tulikula pamoja, jambo ambalo si kila nyumba ya mjini ingelifanya na mtumishi. Bi Zuena alituwekea sinia ukumbini, wali siku za Ijumaa, siku nyingine ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde yanayopikwa na karanga, na Mzee Kapembe alikaribishwa ukingoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka ni lini alianza kukaribishwa. Alikuwa amebeba pembe mpaka pwani ujanani mwake, kabla ya reli, na bega lake la kushoto lilikuwa na nundu ngumu kama goti. Alipenda kutufundisha utani. "Utani wetu sisi Wanyamwezi na Wagogo ulizaliwa njiani," alisema akimung'unya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa meno mawili aliyobakiwa nayo. "Unavuka pori la Mgunda Mkali siku kadhaa bila maji, unafika kwao ulimi umekauka, anakuambia lipa ndipo unywe. Ungeweza kumpiga mkuki. Sasa mkuki wa nini, na mwakani utapita tena? Mkatukanana mpaka mkacheka. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako humdai. Akidai, humnyimi. Ukimnyima mtani umevunja njia, na walio nyuma yako watakufa kiu." Fundi Salehe alitafuna taratibu, akasema, "Nyie na utani wenu mtakuja kuuza nyumba." Tukacheka. Nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Chilongani alikuwa amekuja mara ya kwanza wakati wa palizi. Alikuwa mlinzi wa mashamba pale Tura, ameajiriwa na mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji, na alilinda mtama wa watu kwa bunduki ya mwanangwa, ambayo ilikuwa na umri wa Mzee Kapembe na iliingiza risasi moja moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa kwa desturi ya kwao, na mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Aliagiza risasi ishirini, akasema atazifuata mtama ukianza kuiva. Siku aliyorudi kuzichukua, Fundi alikuwa amekwenda Bukene tangu jana yake, ameitwa kutazama bunduki ya mtu iliyoharibika, na kwa mara ya kwanza ufunguo wa karakana ulikuwa shingoni mwangu. Risasi kumi na sita zilikuwa tayari, zimefungwa na sufi zake. Nne za mwisho nilizimaliza asubuhi ile, na sufi ilikuwa imekwisha. Msufi ulikuwako nyuma ya soko, mwendo wa dakika chache. Sikwenda. Jua lilikuwa kali na nilijiona mwenye karakana.

"Hodi kwa punda wa Waarabu!" alisema mlangoni.

"Karibu, Masikio," nikamjibu. "Ingia, lakini uyainue yasikokote mchanga."

Mzee Kapembe alicheka mpaka akakohoa. Chilongani akanishika mkono, akauangalia pande zote mbili. "Mke wangu umekonda. Nimekuja na ng'ombe wa mahari, yuko stesheni anakata tiketi."

"Mgogo mwenye ng'ombe wa kutoa? Huyo kamwazima."

"Nimemwazima kwa babu yako. Hakumbuki, alikuwa amelala na mzigo kichwani."

Nikampangia risasi juu ya meza. Akazichukua moja moja, akazigeuza, akazinusa nta, akaridhika. Alipofika kwenye zile nne za mwisho akasita. Akatikisa moja karibu na sikio. Akatikisa tena. "Hii nini? Inalia."

"Ni baruti."

"Baruti ninayoijua hukaa kimya. Hii inacheza ngoma. Mzee Kapembe, sikiliza wewe." Akamtikisia mzee sikioni. "Nusu tupu! Mnaona? Babu zao walitoboa magunia ya chumvi njiani, na mjukuu naye hajaacha."

"Haijazwi hii, mtani. Ndivyo ilivyo. Ina nguvu."

"Ina nguvu kama nani? Kama wewe?"

"Fundi kasema kibaba kimoja."

"Fundi wako hata salamu anaitoa kwa kibaba. Mimi sidai kwake, nadai kwako. Tatu tu, za tembo. Hizi nyingine nitawafukuzia nguruwe. Tatu nijazie mtani, au namchukua huyu nikamchungishe mbuzi." Na papo hapo akamwinua Milembe kizingitini, akamweka begani, akaanza kwenda nje kwa hatua ndefu. Choroko zikamwagika. Milembe akapiga kelele za furaha. Njiani watu wakasimama kutazama.

"Mpe!" alisema Mzee Kapembe akigonga benchi. "Mtani akidai hanyimwi! Mimi nimekunywa maji ya kwao mara nne."

Nyuma ya pazia sauti ya Bi Zuena ikasema, "Kabula, usichezee vitu vya Fundi."

"Hatuchezi, Bi Zuena," nikasema.

Nikang'oa vichwa vya risasi tatu kwa koleo. Nikafungua kopo. Nilitia kibaba cha pili, cha tatu, kisha nikaacha kuhesabu, nikamimina mpaka karibu na mdomo na kushindilia kwa kidole gumba, kama nilivyowahi kuona watu wazima wakishindilia gobore. Nikarudisha vichwa, nikabana shingo za maganda. Chilongani akazitikisa sikioni, moja, mbili, tatu. Kimya. "Sasa hizi zina adabu," akasema. Nami nikachukua msumari nikakwaruza mstari kwenye kitako cha kila moja, asije akazipoteza kwa nguruwe. Nilijivunia mikwaruzo ile. Niliona nimempa mtu kitu kizuri, bila choyo. Akaondoka akiimba, na mimi na Milembe tukaokota choroko.

Fundi alirudi kesho yake jioni. Alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa gunia, na kabla hajanawa alikifungua juu ya mkeka, pembeni mwa sinia. Ulikuwa mtutu wa bunduki, au uliokuwa mtutu. Upande wa nyuma ulikuwa umepasuka na kukunjuka nje vipande vinne, kama ganda la mbono lililokauka juani. Bi Zuena alisema, "Toa hicho kwenye chakula." Hakukitoa. Alisema, "Mtu wa Bukene alinunua baruti ya jeshi kwa dereva wa lori. Akaijaza kwenye maganda mwenyewe, akipima kwa macho, kama alivyozoea kupima ile nyeusi. Hii si nyeusi. Hii ukiijaza, bunduki inamgeukia mwenyewe."

"Amepona?" aliuliza Bi Zuena.

"Walikuwa wamekwisha kumzika."

Nilikuwa na tonge mdomoni. Milembe, aliyekuwa na miaka sita na aliyependa sana kuwa na habari, akasema, "Hata Kabula jana..." na mimi nikamfinya paja chini ya ukingo wa sinia, kwa kucha, mpaka akanyamaza. Macho yake yalijaa machozi lakini hakulia, alinitazama tu. Fundi alidhani amepaliwa na pilipili, akampa maji. Hivyo ndivyo nilivyomeza tonge lile. Nilikuwa nafikiri juu ya stoo na mkeka wetu, na Yohana aliyebakiza mwaka mmoja na nusu kwa mapadri. Nikifukuzwa, sote watatu tunatoka kesho asubuhi. Niliwaza hayo yote kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayepanga vyombo kabatini, na katika mpangilio ule Chilongani nilimweka mwisho.

Asubuhi nilikwenda stesheni na ndoo ya maji kichwani ili nionekane natoka kisimani. Nilimpata gadi wa treni iendayo mashariki. Nikamwambia: ukifika Tura mtafute Chilongani mlinzi, mwambie mtani wake Kabula anasema asipige zile tatu zenye mkwaruzo, hata moja, azirudishe. Gadi alirudia maneno yangu vizuri, neno kwa neno. Alikuwa mtu mwaminifu. Sina la kumlaumu. Nikarudi na ndoo, nikayeyusha risasi, nikamwaga vichwa, na kila kimoja kilitoka na mkunjo, mpaka Fundi akauliza kama nina homa. Siku mbili nilikuwa nikisikia kila filimbi ya treni. Siku ya tatu gadi akapita tena, nami nilikuwa pale jukwaani, bila ndoo safari hii.

Alianza kucheka kabla hajashuka. "Mtani wako mtu hatari! Nimempa ujumbe, kacheka mpaka kakaa chini. Kijiji kizima kimecheka. Kasema, mwambieni Mnyamwezi akishatoa katoa. Kama anazitaka, aje mwenyewe azifuate, tena na jogoo." Akajifuta macho. "Halafu kasema tembo wameonekana kwenye mtama."

Nilitembea mpaka karakana. Fundi alikuwa ameinama, anapiga tupa kwenye komeo la bunduki. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Aliweka tupa chini. "Ngapi?" Nikasema tatu. "Ulijaza mpaka wapi?" Nikachukua ganda tupu, nikamwonyesha kwa kidole. Alikitazama kidole changu muda mrefu kuliko nilivyoweza kukishikilia. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alisema, "Zima moto huo," akavaa koti lake, akafunga mlango asubuhi katikati ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mzee Kapembe tulimwacha kwenye benchi lake akiuliza tunakwenda wapi.

Tulipanda treni ya mizigo kwa hisani ya mtu aliyekuwa anamjua Fundi. Reli inafuata ile njia ya zamani, miombo baada ya miombo, na mimi nilikuwa nawaona mapagazi wa Mzee Kapembe wakitembea kando yetu, ndimi zimekauka, na mtu mmoja huko mbele anayewasubiri na maji. Tulifika Tura jua likiwa limeanza kuinama. Kabla treni haijasimama niliona watu wengi jukwaani, na katikati yao kitanda cha kamba kimewekwa chini. Walikuwa wanangojea treni ya kwenda Tabora, hospitali.

Chilongani alikuwa ameipiga ya kwanza kati ya zile tatu alfajiri ile. Kichwa chake kilifungwa kaniki, upande wa kushoto umelowa na kukauka na kulowa tena, na mkono wa kulia ulikuwa umeviringishwa majani na nguo mpaka ukawa kama mtoto mchanga. Mkewe alikaa chini akishikilia mguu wa kitanda, tumbo lake kubwa magotini. Fundi aliinama akatoa salamu. Chilongani akasikia sauti.

"Fundi. Umekuja na Mnyamwezi wako?"

"Yupo."

"Mwambie tembo kacheka. Mwambie zile mbili zilizobaki ampe mumewe."

Waliobeba kitanda wakacheka, mmoja wao huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. "Nijibu, mtani," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mtu anayeumia. "Usiniache peke yangu hapa." Watu walikuwa wananitazama. Mkewe akauinua uso wake kunitazama, na mimi nikaangalia reli.

Jicho la kushoto lilikwenda, na vidole vitatu vya mkono wa kulia. Karani wa polisi alikuja wodini kuandika, na Fundi Salehe alikuwa amekaa nyumbani akisubiri kuchukuliwa, leseni ameishusha ukutani na kuiweka mezani mbele yake. Hawakuja. Chilongani aliandikisha kwamba bunduki ilikuwa kuukuu, kwamba aliisimamisha shambani mdomo chini, tope likaingia mtutuni, naye hakutazama. Kwa maneno hayo mwanangwa alimfukuza kazi kwa uzembe, tena bunduki ya watu imeharibika. Nilipopata habari hiyo nilikwenda hospitali na kikapu cha matobolwa, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia nisamehe.

Alinigeuzia lile jicho lililobaki. "Nani kakosa? Mimi nilidai, wewe ukatoa."

"Nilikwisha kukatazwa."

"Sikiliza, Kabula." Hakuwahi kuniita jina kabla ya hapo. "Mtani haombi msamaha. Ukiniomba, umeukata utani. Ukiukata, mimi nawe tunabaki watu wawili tu, na mtu aliyetolewa jicho na mtu mwingine lazima akashitaki. Unataka nikashitaki? Wadogo zako watakula nini?" Akahema. "Sasa niambie kitu kuhusu jicho langu. Kitu kibaya."

Nikasema, "Moja linakutosha. Kwenu kuna nini cha kutazama zaidi ya vumbi?" Akacheka, akajishika ubavu, akasema, "Naam. Hivyo hivyo." Na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

Fundi hakunifukuza. Baruti yote aliimwaga shimoni na kuifukia, akarudi kutengeneza makufuli na vyerehani, na tangu siku ile alinieleza sababu ya kila kitu, hata ya vitu nisivyouliza. Yohana alimaliza shule. Milembe aliolewa. Mimi kila mwaka wakati wa kulima nilikwenda Tura nikashika jembe katika shamba la Chilongani, kwa maana yeye jembe halikumkaa tena mkononi, na kila mwaka alisimama mpakani akiwaambia wapita njia, "Njooni mtazame, punda wangu amekuja!" Nami nilimtukana kama ilivyopasa. Watoto wake walikua wakiniita shangazi. Walijua habari ya tope. Aliwasimulia yeye mwenyewe, mara nyingi, kama onyo la kutazama mtutu kabla ya kupiga. Nilikuwa nimekaa pale pale, nakula ugali wao, nikisikiliza watoto wakifundishwa kwamba baba yao alikuwa mzembe.

Nilijiambia: siku akifa, nitasema. Akiwa hai ningeukata utani wake. Akifa nitakuwa huru, na watoto watajua baba yao alikuwa nani. Ndiyo sababu nilipanda treni ile mwezi uliopita. Kaburini, kabla hawajateremsha jeneza, walisema, mtani apewe nafasi. Nikasogea mpaka ukingoni. Sechelela, binti yake mkubwa, yule aliyekuwa tumboni siku ya kitanda, alinishika mkono nisianguke. Nikasema, "Ngojeni. Huyu mnayemzika nina deni naye. Habari ya tope ni uongo. Hapakuwa na tope. Mimi ndiye niliyemtoa jicho. Nilijaza baruti kwa mkono huu, nimekwisha kukatazwa, na yeye akasema uongo kwa polisi ili mimi nisifungwe."

Kicheko kilianza nyuma, kwa wanawake. "Mnyamwezi huyo! Hajamwacha hata leo!" Nikapaza sauti. Nikasema sifanyi utani. Wakacheka zaidi. Kijana mmoja akauliza, "Na vidole je, bibi? Ulivila?" Nikataja kibaba, nikataja sufi, nikataja mikwaruzo ya msumari, na kila nilipotaja jambo la kweli walishikana mabega kwa kucheka, hata mchungaji aliyeshika kitabu akageukia pembeni. Mwisho nililia, na wakaona hapo ndipo nimefanya vizuri kuliko watani wote waliowahi kusimama kwenye kaburi pale Tura.

Baadaye Sechelela aliniletea jogoo mzima, haki ya mtani, amefungwa miguu. Alikuwa bado anajifuta macho. "Asante, shangazi. Watu walikuwa wamezidiwa na huzuni. Baba angefurahi."

"Mwanangu, nilichosema ni kweli."

"Najua," akasema, akacheka tena, akaniegemea begani. "Tunaanua matanga mwisho wa mwezi ujao. Usikose. Wote wanataka kukusikia."

Nitakwenda. Safari hii nitawaomba kwanza wanyamaze, wanisikilize kama wanavyomsikiliza shahidi. Lakini nawafahamu watu wale, na najifahamu mimi nilivyo kwao. Mtani akisimama akaomba watu wanyamaze, hapo ndipo wanapoanza kucheka.